Maneno ya Mama Faida Niliyoyameza

Juzi mmoja wenu, binti mpole mwenye miwani, alinifuata baada ya ibada akaniuliza swali. Mtu wa kawaida afanye nini ili kusaidia upatanisho na watu wa asili, wale waliotangulia nchini kabla sisi wengine hatujafika na majembe, misalaba na bendera? Daftari lilikuwa mkononi na kalamu imeshafunguliwa. Nilimwona ananisubiri niseme "tuwasikilize", maana ndilo jibu linaloandikika upesi. Mwanangu, mimi nimekula kwa kusikiliza. Nimekuwa mkalimani London miaka kumi na minane, nimesikiliza hospitalini, mahakamani, kwenye ofisi za nyumba na za uhamiaji, na nawaambia hakuna kazi rahisi kudanganyia kama hiyo. Unainamisha kichwa upande, unasema "mm", watu wanakuona una moyo wa dhahabu.

Basi nimeamua kuwaandikia ninyi nyote, hasa mnaotaka kushika kazi yangu. Sitawapa orodha. Orodha niliziona zikibandikwa ukutani kwa wino wa kijani, na nitawaeleza zilivyoishia.

Nilifika London katikati ya miaka ya tisini, nikitokea Bukavu, na cheti cha ualimu ambacho hapa hakikunisaidia hata kufungua mlango. Nilianza kwa kufagia ofisi. Ukalimani ulinipata kwa bahati: siku moja nilikuwa Edmonton, kaskazini mwa London, kwa daktari na kikohozi changu, akaingia mama wa Uvira analia, hakuna anayemwelewa, nikaingia naye. Baada ya wiki mbili mtu akanipigia simu kuniuliza kama niko tayari kufanya kazi ile ile kwa malipo. Sikujua kwamba watu hulipwa kwa kusema maneno ya wengine. Kwetu hilo liliitwa umbeya.

Aliyenifundisha ni Bi Hansa, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu katika duka la baba yake. Aliendesha wakala wa wakalimani kutoka chumba cha mbele cha nyumba yake kule Queensbury, simu mbili mezani, ubani ukifuka kwenye rafu ya miungu, na Kiswahili chake cha Kenya kisicho na mchezo. Wiki ya kwanza nilimtia aibu. Nilipelekwa kumtafsiria mzee mmoja wa kwetu, rika la baba yangu, na daktari akataka kujua kama anapata shida ya mkojo na kama bado analala na mkewe. Mimi! Nimuulize mzee wa watu jambo hilo, ana kofia mkononi! Nikamwambia, "Daktari anauliza kama nyumbani wote hawajambo." Mzee akajibu hawajambo, tunamshukuru Mungu. Nikamgeukia daktari nikasema kwa Kiingereza safi kwamba hana shida yoyote. Siku tano baadaye mzee alilazwa kwa sababu mkojo ulikuwa umeziba kabisa.

Bi Hansa aliniita. Hakunipa chai.

"Skiza, Mama Esperansi," alisema. "Kazi yako ni kusema chenye amesema. Si chenye ungependa aseme. Si chenye kina heshima. Wewe ni bomba ya maji. Maji ikiingia na matope, itoke na matope. Full stop."

Nikamjibu kwamba kwetu mtoto haulizi mambo hayo. Akasema kwao pia hawaulizi, lakini kwao mzee angekuwa anakojoa.

Mengine alinifundisha hivi hivi kwa maneno mawili matatu. Kaa kando ya mteja, usikae katikati kama hakimu. Usipande naye basi moja baada ya kazi, atakuomba umwongezee maneno kesho. Beba kalamu yako, za ofisi hazina wino. Usiposikia, omba warudie, hata mara nne. Aibu ya kuuliza inapita, aibu ya kubuni inaandikwa kwenye faili. Na ukitaka kusema jambo lako mwenyewe, usiseme "mimi", maana "mimi" ni ya mteja. Sema "mkalimani": mkalimani hakusikia, mkalimani anaomba maji. Mwanzoni nilijiona kama mfalme anayejitaja kwa jina. Nikazoea hadi nikawa nasema hivyo nyumbani: mkalimani amechoka, osheni vyombo.

Siku hizi wengi wenu mtafanya kazi hii kwa simu, mmevaa nguo za kulalia. Hamtajua raha ya kutazamwa usoni na kukataliwa. Mzanzibari mmoja aliwahi kunisikiliza dakika tano, kisha akamwomba ofisa, kwa upole kabisa, aletewe mkalimani wa Kiswahili. Nilikuwa nimekaa mbele yake naongea hicho hicho Kiswahili.

Sasa nije kwa Mama Faida.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kulikuwa na shirika dogo la hisani kaskazini mwa London, jina lake silitaji, lililowapenda watu wa asili wa dunia nzima. Kiongozi wake aliitwa Philippa. Alikuwa mwema, nasema hivyo bila kejeli, na kejeli nitaileta baadaye. Alivaa shanga za Amerika, skafu ya Nepali na viatu vya ngozi ya mbuzi wa mahali fulani, na alikuwa akizungumza nawe ameshika mkono wako. Philippa aliandaa Jumamosi nzima ya upatanisho katika ukumbi wa kanisa, Edmonton. Alikuwa amepata mgeni kutoka Kivu, mama wa Kitwa. Watwa ni wale waliokuwa kwenye misitu ya kwetu kabla babu zetu hawajapanda hata mgomba mmoja. Misitu mingine ikafanywa hifadhi ya wanyama, wao wakatolewa, sokwe wakabaki. Philippa akaona ni vizuri kuwaalika Wakongo wa Edmonton pia, "jamii mwenyeji", ili watu wote wapatane kwa pamoja na saa kumi na moja wafunge ukumbi.

Mimi niliitwa kutafsiri. Nilipoambiwa mgeni ni Mtwa, moyo wangu ulifanya jambo dogo ambalo sikulitazama. Nilifikiria nitavaa nini.

Lazima niwaambie kabila langu lilikuwaje na Watwa. Jina la kabila nalificha makusudi, maana makabila mengi ya kwetu yangejitambua. Mtwa hakunywa kwenye kikombe chetu. Alikuwa na kibuyu chake, kimevunjika mdomo, kimening'inizwa nje. Hatukukaa naye kwenye benchi moja. Akilima shamba letu siku nzima alipewa viazi na ndizi mbichi, akashukuru kwa kupiga makofi. Baba yangu, Mzee Gaspar, alikuwa na kilima, na kwenye upande wake wa baridi zilikaa familia za Watwa waliotolewa msituni. Tuliwaita "watu wetu", kama mtu anavyosema mbuzi wetu. Baba aliwaruhusu kukaa, wakawa wanatulimia, na tulijiona wakarimu sana. Nilipokuwa mtoto nilitembea kwenda shule nikiwa nimebebewa begi na mwanamke wa Kitwa, na sikuwahi kumuuliza jina.

Siku ilipofika, Waingereza walikuwapo saa tatu kamili, kama thelathini, viti vimepangwa duara, mshumaa katikati. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa nyeupe, juu yake imeandikwa: MTU WA KAWAIDA ANAWEZA KUFANYA NINI? Walikuwa wameshaanza kujibu kwa wino wa kijani. Kusikiliza. Kuheshimu. Kununua kahawa ya biashara ya haki. Kukaa kimya pamoja. Wakongo waliingia saa tano, nao kama thelathini, na sufuria ya wali ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto ndani yake.

Mama Faida alikuwa mwanamke mfupi, umri wa miaka sitini hivi, amevaa koti la kuazimwa lililomfika kwenye vifundo. Alikataa kusema lugha ya kilimani kwetu, akachagua Kiswahili. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Alichagua makusudi, ili kila Mkongo aliyekaa pale asikie bila kupitia kwangu.

Alianza kwa utaratibu. Msitu ulichukuliwa na serikali na wafadhili wake, hilo nikatafsiri vizuri, na Waingereza wakashika vifua. Kisha akasema:

"Sasa ile ya msitu, miye nimeshaisemaka mara mingi. Leo nasema ya mulima. Tulikimbilia kwa mulima ya Mzee Gaspar. Tulimulimia miaka makumi mbili na zaidi. Alituita imbwa wake. Tulikunywa kwa kibuyu ya kupasuka. Sasa Gaspar alikufa, na mutoto wake Deo anataka kupanda miti ya kwinini. Ametuambia mavuno ikiisha, tutoke. Nyumba kumi na ine. Na bafu betu, bale balikufa, tulibazika pale, na ule mutoto wangu wa kwanza. Tutaenda wapi na makaburi?"

Wakongo waliinamisha vichwa kama watu wanaotafuta senti iliyoanguka chini ya viti. Kila mmoja alijua mimi ni binti wa nani. Waingereza walikuwa wakinitazama mimi, macho yamejaa huruma, wakisubiri Kiingereza.

Nikafungua mdomo. Nilisema: "Anasema msitu ni mama yao. Anasema walipoupoteza walipokelewa na majirani kwenye kilima, wakaishi nao miaka mingi. Na sasa wana wasiwasi kuhusu makazi na makaburi ya wapendwa wao."

"Msitu ni mama yao" hakusema. Hiyo niliitunga mimi, papo hapo, kwa kuwa nilijua itapendwa. Ilipendwa. Bwana mmoja alifuta machozi kwa kola ya shati. Philippa aliinuka akaandika ukutani kwa wino wa kijani: Msitu ni Mama. Chini yake akaandika: Majirani Waliwapokea. Kisha thelathini wakapiga makofi, na thelathini wengine, waliosikia kila neno, wakapiga makofi pia, kwa shukrani, maana nilikuwa nimewaokoa. Mzee mmoja wa kanisa letu alinipa ishara ya kichwa, kama anayesema: umelelewa vizuri.

Mama Faida hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama mdomo.

Ikaja saa ya chakula. Ukumbi ulikuwa na sahani zake za kaure, za kutosha watu wote. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nilichukua sahani ya karatasi na kikombe cha karatasi kwenye pakiti mpya, nikampakulia mgeni. Nikajiambia ni kwa heshima, ni safi, hakuna aliyeitumia. Mama mwenzangu aliyekuwa jikoni aliiona, akanipisha njia. Hatukupanga. Mambo hayo hayapangwi, mikono inayajua.

Mama Faida aliipokea. Akatazama sahani yake, akatazama za watu wote. Akainuka, akatembea polepole hadi meza ya chakula na lile koti linaburuta, akaimwaga sahani yake yote, wali na maharagwe na mfupa aliokwisha kuuguguna, ndani ya sufuria kubwa. Akachukua mwiko, akakoroga.

Hebu oneni uzuri wake. Waingereza hawakuona kitu, waliendelea kuja kuongeza, wanasema wali mtamu ajabu. Wakongo thelathini walishiba ghafla. Watu waliokuwa wameanza safari ya sahani ya pili walikumbuka kwamba daktari amewakataza wanga. Mzee wa kanisa alitoka nje kuangalia gari lake, na hakuwa na gari. Nami ningependa kuwaambia kwamba nilichota kijiko nikala mbele ya wote. Sikula. Nilishiba na wenzangu.

Nilimkuta Mama Faida jikoni anaosha kikombe cha kaure, anakijaza maji, anakunywa. Alinisubiri nifunge mlango.

"Miye nilisema mingi," alisema. "Weye ulisema kidogo. Ile ingine ulipeleka wapi?"

Nikamwambia Kiingereza ni lugha fupi.

Akacheka. Alicheka hadi akashika sinki. "Kiingereza iko fupi! Nilikuwa naangalia bale bazungu. Nasema juu ya imbwa na makaburi, na beko nafurahi na kupiga mikono. Mutu anapigaka mikono wakati anasikia batu banafukuzwa? Binti ya Gaspar, weye uliwaambia nini?"

Aliponiita hivyo, nikauliza: "Unanijua?"

"Philippa alituma jina ya batu batakuwa hapa. Kabla sijaona yako, nilikuwa nimekataa kukuya, mugongo inaniuma. Miye sikukuya Ulaya kuona bazungu. Bale banafanya nini kwa mulima yetu? Nilikuya juu yako. Deo hanisikilizi. Lakini ni weye yaya yake, dada yake mukubwa, weye ndiye alisomeshwa, neno yako baba alilisikia. Nilibeba begi yako, Esperansi. Unaikumbuka? Ya kahawia."

Nilikumbuka begi. Yeye sikumkumbuka hata kidogo, na nilimtazama usoni kwa bidii yote, nikatafuta, nikakosa. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena, na hata sasa ninapoandika masikio yananiwaka moto.

Mchana tukarudi kwenye duara. Ilikuwa sehemu ya kushikana mikono. Philippa alisema anasikia uponyaji ndani ya chumba. Mimi nikasimama.

"Mkalimani anaomba kusahihisha," nilisema. "Asubuhi mkalimani alisema uongo."

Nikayasema yote, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Mbwa, kibuyu, nyumba kumi na nne, mavuno, mtoto aliyezikwa. Nikasema Gaspar ni baba wa mkalimani, na Deo ni mdogo wake. Nikasema na ya sahani ya karatasi, na kwa nini sufuria bado imejaa. Nilikuwa nimezoea kujitaja hivyo miaka yote, na siku ile ndiyo mara ya kwanza neno hilo liliniuma.

Sasa niwaletee kejeli. Mnadhani walifanya nini, wale wenye kalamu za kijani? Walikuwa wamepewa upatanisho wa kweli, mbichi, ungali na damu, na wakaanza kutazama saa. Philippa alinishika mkono. "Esperance, huo ni ujasiri mkubwa," alisema. "Lakini nadhani hili ni jambo lenu la ndani, na ukumbi ni wetu hadi saa kumi na moja tu." Waliokuwa karibu na mlango walianza kukunja viti. Yule bwana aliyelia asubuhi aliinua mkono akauliza, kwa huzuni ya kweli, kama angalau ile ya msitu ni mama ilikuwa sahihi.

Nikatafsiri. Mama Faida akafikiri.

"Muambie msitu ilikuwa nyumba," alisema. "Mama yangu alikuwa anaitwa Maria."

Na wetu? Wetu walikuwa wakali zaidi, kwa kuwa walielewa zaidi. Mzee wa kanisa alirudi kutoka kwenye gari asilokuwa nalo, akanong'ona, "Mama Esperansi, mambo ya nyumba hayaanikwi njiani. Na mbele ya wazungu!" Nikamuuliza kama yuko tayari kuja kuyazungumza nyumbani basi, kesho saa nane, chai ipo. Akasema kesho ana mazishi. Wanawake wawili walibaki nami tukaosha vyombo. Mmoja alisema kwao pia kulikuwa na kibuyu. Sufuria tulimwachia Philippa.

Bi Hansa alinisimamisha kazi mwezi mzima, na ninawaambia hili kama fundisho la kazi, si la roho. "Umefanya makosa matatu," aliniambia. "Asubuhi umekata. Mchana umeongeza ya kwako. Lakini yenye ilitangulia hizo zote ndiyo mbaya: ukisikia jina ya babako, unasimama hapo hapo, unasema, mimi siwezi hii kazi, ni ya familia yangu. Unatoka." Alikuwa na haki, na mkikumbuka jambo moja tu la ukalimani kumbukeni hilo. Kisha siku ile alinipa chai. Alikizungusha kikombe chake mkononi. "Hata sisi," alisema, "pale dukani, msichana wa kazi alikuwa na kikombe yake kando. Ya bati. Sijui hata alienda wapi." Simu ikalia, akaipokea, akaanza kumpangia mtu kazi ya mahakamani.

Lakini kabla ya hayo ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya ukumbi, na Mama Faida alikuwa arudi Kongo Jumatatu. Nilimchukua kwangu Edmonton. Nikanunua kadi ya simu dukani kona, nikampigia Deo, spika ikiwa wazi mezani ili sote tusikie. Nikamwambia zile nyumba kumi na nne zibaki, ardhi iliyo chini yake iwe yao, aandike karatasi, chifu apige muhuri.

"Yaya Espe," alisema mdogo wangu, "unakulaka nini kule? Bale Batwa bamekuroga?"

"Mama Faida yuko hapa. Mwambie mwenyewe."

Deo akakohoa. Kisha akasema, "Muambie ule mama nitafikiri."

Nikamgeukia Mama Faida, aliyekuwa hatua moja kutoka kwenye simu, anasikia kila pumzi, nikamwambia, "Anasema atafikiri."

"Muulize atafikiri mpaka lini."

"Deo, anauliza utafikiri mpaka lini."

"Muambie asinisukume."

Na ndivyo tulivyoendelea, vijana wangu, robo saa nzima. Hapo tulikuwa tumeshaacha Kiswahili, tunaongea lugha ya kilimani, lugha ambayo sisi watatu tuliizungumza kwenye mteremko mmoja. Nilikuwa nikitafsiri kutoka lugha moja kwenda lugha hiyo hiyo, kwa sababu ndugu yangu hakuwahi maishani mwake kumsemesha Mtwa bila kumwagiza, na hakuwa anajua sentensi inaanzaje. Nami niliendelea, kwa mazoea, neno kwa neno, bomba safi kabisa. Bi Hansa angejivunia. Kisha nikajisikia nikisema "mkalimani anaomba mrudie", nyumbani kwangu, kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Nikazima spika, nikamwekea Mama Faida simu mkononi, nikatoka nje kwenye ngazi, nikafunga mlango. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiacha katikati.

Karatasi haikupatikana siku ile. Ilichukua miezi na simu nyingi, na ilipokuja nyumba mbili zilikuwa zimeachwa nje, tukaanza upya. Ninyi mnaotaka mambo ya kuandika kwenye daftari, hapo ndipo penyewe, na hapana rangi ya kijani.

Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza kupitia mlango. Kwanza sauti ya Mama Faida peke yake, ya chini, anasalimu, anasubiri, anasalimu tena. Halafu akaanza kujibu kitu, nikajua Deo amesema. Kisha sauti ikapanda. Akataja mpaka, akautaja mti wa mpaka, akasema si kweli, akasema baba yako alisema nikiwa nimesimama pale. Nikafungua mlango kidogo. Deo alikuwa anapiga kelele ndani ya simu hadi namsikia nilipo, na Mama Faida anampigia kelele naye, amesimama, mkono kiunoni. Walikuwa wanagombana. Maisha yangu yote nilimsikia ndugu yangu akiwafokea Watwa, na sikuwahi kumsikia akigombana nao, maana ugomvi unataka watu wawili.

Kadi ikaisha katikati ya sentensi. Mama Faida aliitazama simu, akaniona mlangoni, akaninyooshea ile simu.

"Ukanunue ingine," alisema.